Rubi haiuzwi kwa kilo: mnada pekee hautatuokoa

Tangu Serikali ya Tanzania irejeshe minada ya madini ya vito mwishoni mwa mwaka 2024, kwa kuanzia Mirerani, mjadala wa vito umerudi kwenye swali letu la siku zote: nani anatuibia? Wengi wanaamini kwamba wanunuzi wakikutanishwa chini ya paa moja, mbele ya maofisa wa madini, na kila mmoja akatoa bei yake, utakwisha ule mchezo wa jiwe kuuzwa kwa bei ya kutupa machimboni na kuibuka ughaibuni likiwa na thamani ya ghorofa. Nauunga mkono mnada, na sioni sababu ya mtu mwenye nia njema kuupinga. Hata hivyo naona umebebeshwa mzigo usio wake. Tanzanaiti inachimbwa mahali pamoja tu duniani, na mnunuzi yeyote aliyefika Mirerani anajua anachokitazama. Kinachobaki kati yake na muuzaji ni kubishania rangi, usafi na uzito. Rubi na safaya haziko hivyo. Bei yake huamuliwa kwanza na mambo ambayo jicho, hata la mzoefu, haliwezi kuyathibitisha lenyewe: kama jiwe lilizaliwa ardhini au kiwandani, kama limechomwa na limechomwaje, na kama limetoka nchi gani. Anayeuza bila kuyajua hayo hapunjwi na mnunuzi mmoja mwenye hila. Anapunjwa na wote, wawe wawili au mia mbili, kwa sababu wote wanajua kwamba yeye hajui. Hoja yangu ni kwamba kinachotutoka kwanza katika biashara ya mawe haya ni taarifa, na fedha hufuata nyuma yake.

Mfano wa kutoelewana huku ni jiwe lililoonyeshwa Dubai mwezi Aprili 2022 kwa jina la Burj Alhamal. Waliolionyesha walisema ni rubi ghafi kutoka Tanzania yenye uzito wa kilo 2.8, wakaitangazia thamani ya dola milioni 120 za Marekani. Huku kwetu mitandao iliwaka: limepitaje, nani alisaini, mrabaha wake uko wapi? Maswali hayo ni halali. Lakini ni wachache mno waliouliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote wa vito angeanza nalo, yaani bei hiyo imepangwa na nani, na je, jiwe lenyewe linapitisha mwanga? Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo kilo 2.8 ni karati 14,000. Ukigawa unapata takriban dola 8,570 kwa kila karati. Hiyo ni bei ya rubi nzuri iliyokwisha kukatwa na kukaguliwa, ilhali korandamu ghafi, yaani madini yanayotupa rubi, ya uzito wa kilo kadhaa karibu kila mara huwa imejaa nyufa, haipitishi mwanga, na mafundi huichongea vinyago na shanga. Linganisha na Estrela de Fura. Ghafi lake lilichimbwa Montepuez, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2022, likiwa na karati 101 tu, yaani gramu 20 na ushei. Lilikatwa likabaki karati 55.22, na Juni 2023 likauzwa na nyumba ya mnada ya Sotheby's jijini New York kwa dola milioni 34.8. Hilo la gramu 20 lilinunuliwa kwa fedha halisi, na kila aliyepandisha dau alikuwa na nafasi ya kusoma karatasi zake za maabara. Lile la kilo 2.8 lilitangazwa.

Wala halikuwa la kwanza. Kampuni ya ujenzi ya Uingereza, Wrekin Construction, ilipoanguka mwaka 2009, ilikutwa katika vitabu vyake vya hesabu rubi ya kilo 2.1 iliyoitwa Gem of Tanzania, imeandikwa kuwa na thamani ya pauni milioni 11. Ilipochunguzwa ilionekana ni jiwe la daraja la chini, na mwishowe ikauzwa kwa pauni 8,010. Naamini kwamba kama habari hiyo ingetufikia wakati jiwe likiwa bado na thamani yake ya kwenye karatasi, tungelia kwamba taifa limeporwa pauni milioni 11, na pengine tungeunda tume.

Ili kuelewa kwa nini tofauti huwa kubwa kiasi hicho, ni lazima kuangalia mawe yenyewe. Rubi na safaya ni madini ya aina moja, korandamu, ambayo ni alumini iliyoungana na oksijeni na ambayo ikiwa safi kabisa haina rangi. Kromiamu kidogo huipa wekundu ikawa rubi. Chuma na titani vikikaa pamoja huipa bluu. Michanganyiko mingine hutoa manjano, waridi, zambarau, kijani na rangi ya chungwa, na yote hayo sokoni huitwa safaya. Afrika Mashariki imejaliwa korandamu kwa sababu ya kile wanajiolojia wanachokiita Ukanda wa Msumbiji, miamba iliyobanwa na kuokwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati mabara ya kusini yalipokuwa yakijikusanya kuwa bara moja la Gondwana. Madagaska, Sri Lanka na kusini mwa India zilikuwa jirani zetu wakati huo. Ndiyo maana safaya ya Tunduru inaweza kufanana na ya Ilakaka, Madagaska, au hata na ya Sri Lanka, kiasi cha kuwababaisha wataalamu. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu lina bei yake.

Ndani ya mipaka yetu wenyewe, hata hivyo, hakuna kitu kimoja kinachoweza kuitwa rubi ya Tanzania. Ya Longido hukaa ndani ya mwamba wa kijani wa zoisaiti wenye michirizi myeusi, na vipande vyake vyekundu, vingine vyenye pembe sita zinazoonekana wazi, ni vizuri kutazama lakini kwa kawaida havipitishi mwanga. Hayo ndiyo mawe ambayo wageni huyanunua Arusha yakiwa yamechongwa tembo au bakuli. Ya Matombo na Mahenge, mkoani Morogoro, huzaliwa katika marumaru, hivyo huwa na chuma kidogo na huwaka vizuri chini ya mwanga wa urujuanimno, kama rubi za Mogok, Myanmar. Ya Winza, wilayani Mpwapwa, iliyoingia katika masoko ya dunia mwaka 2008, ina chuma kingi zaidi na huwaka kwa unyonge, lakini vipande vyake bora vilitoka ardhini vikiwa safi na vyekundu kiasi cha kutohitaji moto wowote. Bonde la Umba, mpakani na Kenya, linatoa safaya za karibu kila rangi, zikiwamo zinazobadilika kati ya mwanga wa jua na wa taa. Ng'ambo ya mpaka, Mangari katika Taita Taveta imekuwa ikitoa rubi tangu miaka ya 1970. Mnunuzi makini hayachanganyi mawe haya katika mfuko mmoja. Sisi tunayachanganya, na bei ya mfuko hupangwa kwa kuangalia jiwe baya lililomo.

Sasa tuje kwenye moto, ambako ndiko elimu yetu ilikotuangusha zaidi. Katika miaka ya 1970 wafanyabiashara wa Thailand waligundua kwamba safaya za Sri Lanka zenye ukungu wa maziwa, zinazoitwa geuda na ambazo wenyeji waliziona hazina faida, zikichomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Sentigredi katika hewa yenye oksijeni kidogo hugeuka bluu safi. Ukungu ule ulikuwa sindano ndogo mno za madini ya rutili, zenye titani ndani yake. Joto linaziyeyusha, titani inaingia katika fuwele, inakutana na chuma kilichokuwamo, na bluu inazaliwa. Wathailand walinunua geuda kwa bei ya kokoto. Hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna jiwe lililofichwa kwenye soksi. Kila gunia lilipita mbele ya macho ya wenye mali. Sri Lanka ilianza kunufaika pale tu watu wake walipojifunza kujenga na kuendesha matanuri yao.

Kwetu jambo lenyewe lilijirudia kwa namna ngumu zaidi. Safaya za Songea, zilizovuta wimbi la wachimbaji katika miaka ya 1990, nyingi zilikuwa za kijani kilichopooza, kahawia au zambarau iliyofifia, na bei yake ilikuwa ya chini. Mnamo mwaka 2001 soko likaanza kufurika safaya za manjano kali na za rangi ya chungwa zilizotoka kwenye matanuri ya Chanthaburi, Thailand, na sehemu kubwa ya ghafi yake ilikuwa ya Songea na Madagaska. Wauzaji walisema zimechomwa tu, kama kawaida. Januari 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani, AGTA, kilitoa tahadhari, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ndani ya vyungu vya tanuri kulikuwa na chanzo cha beriliamu, elementi nyepesi ambayo kwa joto la karibu nyuzi 1,800 hupenya ndani ya safaya na kubadili rangi yake. Kiasi chake ni sehemu chache tu kati ya milioni. Hakuna lupu (kioo cha kukuzia), tochi wala refraktomita (kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga) inayoweza kuiona. Dalili pekee ya wazi ni pale rangi inapofuata umbo la nje la jiwe badala ya mistari ya ukuaji wa fuwele, na dalili hiyo hutoweka beriliamu ikipenya hadi katikati. Kilichobaki ni mashine inayochoma nukta ndogo ya jiwe kwa leza na kupima atomi zinazotoka. Bei za safaya za rangi ya chungwa ziliporomoka, Japani hasa, na zikaporomoka pamoja na za mawe ambayo hayakuwa na hatia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika wa kuyatenganisha. Mchimbaji wa Songea hakupata faida kubwa bei ilipopanda, lakini iliposhuka aliishuhudia kwa karibu.

Kuna wanaosoma historia hii na kuhitimisha kwamba jiwe lililochomwa ni jiwe la uongo, na kwamba Tanzania ijijengee jina kwa kuuza mawe yasiyoguswa na moto. Wazo hilo lina mvuto, na kwa rubi bora za Winza lina msingi, maana rubi isiyochomwa huweza kulipwa mara kadhaa zaidi ya pacha wake aliyechomwa. Ila wasemao hivyo wasisahau kwamba tanzanaiti tunayojivunia, ile ya bluu iliyoko kwenye vipeto vya maduka ya Arusha, kwa sehemu kubwa ilitoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia na ikachomwa kwa nyuzi zipatazo 500 au 600, tena mara nyingi hapahapa nchini. Hakuna anayeiita ya uongo, kwa sababu kila mtu anajua na bei inalijua hilo. Kuchoma ni kazi, kama kukata. Hila huanza pale aina ya uchomaji inapofichwa, na biashara ya dunia imekwisha kuziweka aina hizo kwenye ngazi: moto peke yake unakubalika ukitajwa, moto pamoja na kemikali ya boraksi inayoziba nyufa, kama ulivyotumika sana kwa rubi za Mong Hsu, Myanmar, tangu miaka ya 1990, hupunguza bei, beriliamu huipunguza zaidi, na kioo kiko chini kabisa.

Hicho kioo kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndicho kinachowaliza wanunuzi wa kawaida, wakiwamo Watanzania wanaonunulia wachumba wao pete mtandaoni. Tangu mwaka 2004 hivi, rubi ghafi za hali duni, mwanzoni za Andilamena, Madagaska, na baadaye za Msumbiji, husafishwa kwa asidi, kisha nyufa zake hujazwa kioo chenye madini ya risasi kilichoyeyushwa. Risasi hukifanya kioo kipinde mwanga karibu sawa na rubi, nyufa zikapotea machoni, na jiwe lililokuwa kama kokoto ya waridi likatoka jekundu na linalong'aa. Lichukue jiwe la namna hiyo, liweke chini ya lupu inayokuza mara kumi, kisha lizungushe taratibu kwenye mwanga. Utaona mmweko wa bluu au urujuani ukipita ndani ya ufa na kuzimika ukigeuza pembe. Utaona viputo vya hewa, vingine vya mviringo na vingine vilivyolala bapa. Na juu ya uso, pale ufa unapotokea, mng'ao unapungua katika mstari mwembamba, kwa kuwa kioo ni laini kuliko korandamu. Jiwe hilo likipelekwa kwa sonara kupunguziwa pete, moto wake utakitoa kioo, na asidi ya kusafishia dhahabu itamalizia. Hata maji ya limau yakikaa juu yake kwa muda yanaweza kukila. Baadhi ya mawe haya yana kioo kingi kiasi kwamba maabara nyingine hukataa kuyaita rubi bila kuongeza kwamba ni mchanganyiko.

Baada ya moto kuna kiwanda. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa kuyeyusha unga wa alumina katika mwali wa gesi, na tangu hapo rubi ya kiwandani imekuwa bidhaa ya bei rahisi, inayowekwa hata ndani ya saa. Ikivunjwavunjwa, ikaburuzwa kwenye mchanga na kupakwa udongo mwekundu, huuzwa machimboni kwa wageni, na siku hizi hata kwa wenyeji, kama ghafi iliyotoka shimoni asubuhi hiyo. Kuigundua mara nyingi si kazi kubwa, kwani mistari yake ya ukuaji imejipinda na ina viputo, ilhali mistari ya rubi ya ardhini imenyooka na hukutana kwa pembe. Zilizokuzwa polepole katika chumvi zilizoyeyuka ni ngumu zaidi, na hapo hadubini ya mtaalamu inahitajika. Upande mwingine yapo mawe ya asili yanayofananishwa na rubi bila kuwa rubi. Spineli nyekundu ndiyo maarufu kuliko zote. Refraktomita inaitambua kwa dakika moja, kwa sababu inatoa kipimo kimoja cha karibu 1.718 wakati rubi inatoa viwili, kati ya 1.762 na 1.770. Na hapa kosa halina maana ya hasara siku zote. Mwaka 2007 huko Ipanko, Mahenge, yalipatikana mafuwele makubwa ya spineli, moja likizidi kilo 50, na tangu hapo spineli ya Mahenge yenye waridi iliyochanganyika na wekundu imepanda bei hadi kuzipita rubi nyingi za kawaida. Anayeiuza kama rubi mbovu anajipunja mwenyewe.

Dhidi ya haya yote zipo hoja tatu ninazozisikia mara kwa mara, na uzito wake haulingani. Ya kwanza ni kwamba dawa ni kuzuia ghafi kutoka nchini kabisa, ili mawe yote yakatwe hapa. Ina nguvu, kwa sababu kukata kunaleta ajira na kunaacha fedha nyumbani, na Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kimekuwa kikifundisha vijana kazi hiyo. Lakini kukata rubi kabla ya kujua kama ingefaa kuchomwa, na kwa namna gani, ni kuamua umbo kabla ya kujua rangi. Fundi anayekata ghafi yenye ufa ambao moto ungeupasua atajikuta na vipande viwili tanurini. Anayekata safaya yenye mkanda wa bluu pembeni bila kujua pa kuuweka atatoa jiwe jeupe lenye doa. Zuio bila elimu ya tanuri linatuhamisha kutoka kuuza ghafi kwa bei ya chini hadi kuuza mawe yaliyoharibika kwa bei ya chini, na lina kishawishi kingine cha kupitisha mizigo njia za panya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kuliko wengi wetu tunavyokubali: kwamba vyeti vya maabara ni ukuta wa Wazungu, uliojengwa ili jiwe letu lisipate jina mpaka lipite Uswisi. Ni kweli kwamba maabara zinazosikilizwa zaidi katika suala la asili ya jiwe, kama Gübelin ya Lucerne iliyoanza mwaka 1923 na SSEF ya Basel iliyoanzishwa mwaka 1974, ziko mbali na machimbo. Ni kweli pia kwamba asili ya jiwe ni maoni ya kitaalamu, na kwamba maabara mbili huweza kutofautiana juu ya jiwe moja, hasa kwa nchi zilizokuwa jirani enzi za Gondwana. Na jina lina bei: rubi ya Mogok hulipwa zaidi ya rubi ya Afrika yenye uzuri uleule, ingawa Estrela de Fura imeonyesha kwamba pengo hilo linaweza kuvukwa. Hata siasa huingia. Marekani ilipiga marufuku rubi za Myanmar kwa sheria ya mwaka 2008 na marufuku hiyo ikadumu hadi 2016, miaka ileile ambayo Montepuez, iliyogunduliwa mwaka 2009, ilikuwa ikijitafutia wanunuzi. Ila maabara hizo hufikia maoni yake kwa kulinganisha jiwe na sampuli ambazo watafiti wao walizifuata hadi machimboni, na ukuta wa namna hiyo huvukwa na mwenye sampuli bora zaidi. Kuulalamikia tu kunauacha pale ulipo.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu, na ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa kuliko zote katika vijiwe vya mabroka: kwamba mtu aliyeshika mawe kwa miaka 30 hahitaji mashine. Nawaheshimu wazee hawa. Nimemwona mmoja wao akimulika jiwe kwa tochi ya simu, akalilowesha kwa mate, akataja kijiji lilikotoka kabla mwenye jiwe hajafungua kinywa, na alikuwa sahihi. Uzoefu wake unatambua ghafi ambayo haijaguswa, kutoka maeneo anayoyajua. Haumsaidii mbele ya beriliamu, ambayo kwa maumbile yake haionekani. Haumsaidii mbele ya uchomaji wa joto dogo, chini ya nyuzi 1,000, unaotumika kuondoa kivuli cha bluu katika rubi za Msumbiji na ambao hata maabara kubwa huusumbukia, ndiyo maana vyeti vyao huandikwa kwa tahadhari kwamba dalili za kuchomwa hazikuonekana. Tena mzee huyo, hata anapokuwa sahihi, maarifa yake hayasafiri: mnunuzi wa Bangkok hawezi kulipia kile ambacho kimo kichwani mwa mtu aliyeko Arusha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui biashara ambayo msemo huo unaikaa vizuri kuliko hii.

Wanaouangalia mnada wa Mirerani kama kielelezo wangefanya vyema kuutazama pia ule wa rubi za jirani yetu Msumbiji. Kampuni ya Gemfields ilipouza rubi za Montepuez kwa mara ya kwanza, Singapore, Juni 2014, ilipata dola milioni 33.5. Kampuni hiyo ina mambo mengi ya kujibu kuhusu wakazi wa Montepuez, na simo miongoni mwa wanaoitetea kwa hilo. Lakini katika kuuza ilifanya jambo ambalo sisi hatujalifanya kwa rubi wala safaya: ilipanga madaraja ya ghafi yanayofuata rangi, usafi, umbo na ukubwa, ikayarudia mnada hadi mnada, mpaka mnunuzi akajua kwamba fungu la daraja fulani mwaka huu linafanana na la mwaka jana. Mnunuzi mwenye uhakika hapunguzi bei kwa ajili ya hofu, na fungu la ghafi ya rubi isiyo na maelezo limejaa hofu.

Kinachofuata kutokana na haya si lazima kiwe cha gharama kubwa mwanzoni. Mashine ya leza ya kupimia beriliamu ni ghali, na hakuna maana ya kuipitishia safaya ya nusu karati ambayo thamani yake ni ndogo kuliko ada ya kipimo. Lakini refraktomita, polariskopu, taa ya urujuanimno na hadubini nzuri, zikiwa katika kila soko kuu la madini na mikononi mwa mtu aliyesomea, zinatosha kutenganisha rubi na spineli na ganeti, za ardhini na nyingi za kiwandani, na zilizojazwa kioo na zisizojazwa. Hiyo ni sehemu kubwa ya kazi. Mawe machache yanayobaki na mashaka, ambayo ndiyo yenye bei, yapelekwe kwenye maabara moja ya taifa yenye uwezo kamili, na ada yake ikatwe baada ya mauzo ili mchimbaji mdogo asizuiwe na fedha taslimu. Tayari muuzaji wa ghafi analipa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1; ni haki auulize ukaguzi huo unamwambia nini kuhusu jiwe lake zaidi ya uzito.

La pili ni sampuli, na hapa tuna faida ambayo hakuna maabara ya Ulaya inayoweza kuinunua: tupo shimoni. Korandamu kutoka Winza, Longido, Matombo, Mahenge, Umba, Songea na Tunduru, ikichukuliwa na ofisa kutoka kwenye mwamba wenyewe, ikaandikiwa tarehe, kina na jina la shimo, kisha ikapimwa chembe zake na kupigwa picha za ndani, itakuwa kumbukumbu ambayo Lucerne na Bangkok watakuja kuomba kuiona. Jiwe likitua kwao na wakasita kati ya Tunduru na Ilakaka, watakaoulizwa ni sisi. Mashimo hufukiwa na wachimbaji huhama. Sampuli ambazo hazikuchukuliwa Winza mwaka 2008 tayari zimegeuka pete.

La tatu litapata upinzani mkubwa kuliko hayo mawili. Kila fungu la rubi au safaya linaloingia mnadani liambatane na karatasi inayosema ni madini gani, limechimbwa wapi, limeguswa na moto au halijaguswa, nani amelipima na kwa vifaa gani, na fungu lisilo na karatasi hiyo lirudishwe kwa mwenyewe bila kujali ukubwa wake. Wanunuzi wa kigeni wa kweli hawatalalamika, kwa kuwa wamezoea. Kelele zitatoka kwa wale ambao faida yao yote iko katika pengo kati ya anachojua muuzaji na anachojua mnunuzi, na baadhi yao wana leseni, wana ofisi, na watakuwa wamekaa safu ya mbele siku ya mnada.